Maneno mafupi ya Kiingereza ndio yanatutesa

Kama unaishi Goma na umewahi kutafuta kazi kwenye mashirika, ule mstari wa mwisho kwenye ofa ya kazi unaujua: Kifaransa vizuri, Kiswahili vizuri, Kiingereza ni faida. Hiyo "faida" kila mtu anajua ni lazima, ni vile tu hawataki kukutisha mapema. Ndio maana kozi za jioni za Kiingereza hapa mjini hazikosi watu, hata kipindi hiki kigumu, na tangu Congo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 naona hamu imezidi. Unakuta darasa moja liko na mwenye lisansi (digrii) ya sheria, nesi, mama anayevusha bidhaa Petite Barrière, mpakani na Rwanda, asubuhi na mapema, kijana anayebadilisha dola, na motari wa pikipiki, wote kwenye benchi moja, wote wananiita ticha.

Na karibu wote wanakuja na daftari la maneno marefu. Sustainability, implementation, accountability, beneficiary, mtu ameyapanga safi kwa bic, pembeni ameweka Kifaransa chake, halafu anaomba umuongezee mengine. Mi nawaambiaka hivi, hayo maneno mlikuwa nayo kabla hamjafika hapa, msiyalipie pesa ya kozi.

Si mzaha. Mwaka 1066 mtawala wa Normandie, Guillaume, alivuka bahari akaichukua Uingereza, na kwa muda mrefu baada ya hapo wakubwa kule walikuwa wanaongea Kifaransa, kwenye ikulu na mahakamani, ni mwaka 1362 ndio ilitoka sheria ya kusema kesi zisikilizwe kwa Kiingereza. Sasa wakubwa wakiongea Kifaransa miaka yote hiyo, maneno ya wakubwa yanakuwa ya Kifaransa: justice, prison, government, tax, parliament, judge. Mtu aliyesoma Congo akifungua gazeti la Kiingereza ukurasa wa siasa, nusu ya maneno magumu anayatambua kwa sura, anabadilisha tu matamshi. Kuna mitego, ndiyo, na mmoja unaumiza mfuko: "eventually" si "éventuellement". Kwa Kifaransa ni labda, ikitokea. Kwa Kiingereza ni mwishowe, yaani itachelewa lakini itafika. Ukiandikiwa kwamba pesa yako italipwa "eventually" usikate tamaa, na pia usikope kwa kutegemea ijumaa. "Actually" nayo si sasa hivi, ni kwa kweli. Mitego ya namna hiyo inaandikwa kwenye ukurasa mmoja, unaibandika ukutani, imeisha.

Shida iko kwengine. Nilichukua sentensi ya kawaida kabisa, ya namna bosi anaandika kwenye WhatsApp bila kufikiri:

We're running out of funds, so set this aside, take it up with whoever runs the base and get back to me by Friday.

Angalia hayo maneno. Run, out, set, take, up, get, back, by. Hakuna hata moja ambalo mtoto wa sekondari hajaliona. Nikampa yule wa sheria, kijana mwenye akili, anasoma mikataba ya kurasa na kurasa, akaanza: "Tunakimbia inje ya pesa..." Darasa likaangua kicheko, yule mama wa kuvusha bidhaa, wa mtaa wa Birere, akasema, "Weye, ni nani anakimbiaka pesa hapa Goma?" Naye mwenyewe akacheka lakini alikuwa amekasirika kidogo, na alikuwa na haki, juu maneno yote alikuwa anayajua na sentensi hakuijua. Kwa Kiswahili ni hivi tu: pesa inaenda kutuishia, kwa hiyo hii iweke pembeni kwanza, iongee na anayesimamia ofisi ya kule, halafu uniletee jibu, isipite ijumaa.

"Run" ya kwanza ni kuisha, "run" ya pili ni kusimamia, na hakuna mtu amekimbia popote.

Wenye kutengeneza kamusi wanaijua vizuri hii shida, na jina tunalolitumia kwa neno lenye maana nyingi ni la Mfaransa, Michel Bréal, aliyeliandika mwaka 1897: polisemi. Kwenye ile kamusi kubwa ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka 1884 na kazi nzima ikamalizika 1928, kwa muda mrefu neno lililoongoza kwa wingi wa maana lilikuwa "set". Kwenye chapa ya pili ya mwaka 1989 "set" ilikuwa na maana 430. Baadaye walipoanza kuipitia upya kamusi yote, "run" ikaipita, kitenzi peke yake kikafika 645, na mtu aliyepewa kazi ya kuzipanga, Peter Gilliver, ilimchukua miezi tisa. Miezi tisa kwa neno la herufi tatu! Mama wa Birere aliposikia hivyo akasema huyo baba angezaa mtoto.

Tena si bahati mbaya. Mwaka 1945 Mmarekani George Kingsley Zipf alionyesha kwamba neno kadiri linavyotumika mara nyingi ndivyo maana zake zinavyozidi, kwa hiyo maneno unayokutana nayo kila dakika ndio hayo hayo yenye maana nyingi, na lile neno refu la kwenye daftari unalikuta mara moja kwa wiki likiwa na maana yake moja imetulia.

Kuna mtu alifikiri amepata dawa. Mwingereza C. K. Ogden alitoa mwaka 1930 Kiingereza chake kilichopunguzwa, maneno 850 basi, ndani yake vitenzi 18 tu, akina come, go, get, give, put, take, make. Wazo lilikuwa dunia nzima ijifunze haraka haraka. Kwenye karatasi inapendeza, lakini uangalie alichofanya: ameondoa "enter" akaweka "go in", ameondoa "descend" akaweka "go down", ameondoa "prepare" akaweka "get ready". Yaani yale ambayo sisi watu wa Kifaransa tungeyapata bure ameyafagia, akatuachia yale yanayotusumbua. Kwa mtu wa Goma hiyo si kurahisisha, ni kinyume.

Sasa 645. Mtu akisikia hesabu hiyo anafunga daftari anarudi kwake. Lakini kamusi ya Oxford ni kamusi ya historia, inaweka hata maana zilizokufa zamani, inaweka za mabaharia na za mafundi wa kazi ambazo hazipo tena, na inazipanga kuanzia ya zamani. Mwanafunzi hana kazi nazo. Michael West, aliyekuwa amefundisha huko Bengal, mwaka 1953 alitoa orodha ya maneno kama 2,000 ya kuanzia, na kitu kizuri ambacho wengi wamekisahau ni kwamba hakuishia kuorodhesha maneno, aliweka kila maana inachukua asilimia ngapi ya matumizi ya neno lake. Ukisoma mule unaona kwamba neno lenye maana nyingi sana, kazi kubwa inafanywa na maana chache tu. Na kamusi za wanafunzi, kuanzia ile A. S. Hornby aliyoitengeneza Japani ikatoka 1942, baadaye Oxford wakaichapa 1948, zinaandikwa kwa ajili ya mgeni, si kwa ajili ya historia. Kwa hiyo swali la kwanza unapofungua kamusi ni hii imeandikwa kwa ajili ya nani. Aplikasheni ya kutafsiri kwenye simu usiniulize, ile inakupa neno moja la juu na inanyamaza, "run" ni "courir", kwaheri.

Haya. Lakini kuna jambo lingine ambalo mi ndilo lilinifanya nikae kuandika haya yote.

Sisi Kiingereza tulifundishwa kwa Kifaransa. Sekondari yote, mwalimu anaandika neno la Kiingereza, mbele yake la Kifaransa, mnanakili. Kwa maneno marefu hiyo njia ni sawa kabisa, nimeshasema kwa nini. Kwa maneno mafupi inatupoteza, na ajabu yake ni kwamba Kiswahili, hiki cha nyumbani, ambacho shuleni walikuwa wanatuchapa tukikiongea, kinayaeleza vizuri zaidi. Nimeiona darasani. Mama wa Birere ambaye Kifaransa chake ni cha kuunga unga anaipita lisansi kwenye hili zoezi, na si mara moja.

Chukua "boil". The water is boiling, I'm boiling the water. Kamusi inahesabu hizo ni maana mbili za neno moja. Mama hahesabu kitu, anasema maji yanachemka, nachemsha maji, basi. Kiswahili kinabadilisha mkia wa kitenzi, Kiingereza kinaacha neno kama lilivyo na kukuachia wewe uangalie nani yuko mbele na nani yuko nyuma. The door opened, mlango ulifunguka. I opened the door, nilifungua. The cup broke, kikombe kilivunjika, I broke it, nilikivunja. Stop: simama, simamisha. Return: rudi, rudisha. Drop: anguka, angusha. Walk ni kutembea, lakini "I walk the dog" ni kumtembeza, na wazungu wa Himbi wanafanyaka hivyo kabisa asubuhi kando ya ziwa. Grow: mtoto anakua, biashara unaikuza, na "she grows beans" ni analima maharagi, hapo ndio neno linaruka kwenda mbali kidogo, lakini ukishaona kwamba maharagi yanakua na yeye ndiye anayeyakuza, umefika.

Rudi sasa kwa "run". Mimi nakimbia. Injini "is running", inatembea, inafanya kazi. Mtu "runs" injini, anaiendesha. Anaendesha ofisi, anaendesha mradi, anaendesha duka. Unaona? Kiswahili chenyewe kimetoka kwenye kwenda kikafika kwenye kuendesha ofisi, na hakuna mtu hapa anayeshangaa mkurugenzi "anaendesha" shirika bila usukani. Ile maana ambayo mwenye lisansi hakuiona alikuwa nayo mdomoni kila siku, ila alikuwa anaitafuta kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa "courir" haiendeshi ofisi ya mtu.

Sisemi kila kitu kinalingana. Sehemu nyingine Kiswahili ndicho kinachokuwa kizito na Kiingereza chepesi. "Kuazima" kwetu ni kuchukua na pia ni kutoa, nimeazima kalamu, sijui nimepewa au nimempa mtu, lazima useme umeazima kwa nani au umemwazima nani. Kiingereza kina "borrow" na "lend" mbalimbali, na wanafunzi wangu wanazichanganya vibaya sana, "borrow me your pen", darasa zima. Hapo walio na Kifaransa wanatoka mbele, juu "emprunter" na "prêter" ziko mbili vilevile.

Halafu kuna "piga". Hii njo napenda kuliko zote.

Muzungu akifika Goma, ananunua kile kitabu kidogo cha Kiswahili, anajifunza piga ni kumpa mtu kofi. Wiki yake ya kwanza dereva anamwambia "unipigie kesho asubuhi", na muzungu wa watu anakaa anafikiri amefanya kosa gani. Sisi tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga kelele, tunapiga magoti, tunapiga hatua, serikali inapiga marufuku, na mchana kutwa hakuna mtu ameumia. Ukihesabu vizuri, "piga" ya kupiga mtu ndiyo tunayoitumia kidogo. Neno la namna hii ni kama chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, ukiiona imeegeshwa tupu haikuelezi kitu, unaangalia imebeba nini, leo makala ya kupikia, kesho viazi, keshokutwa mbao.

John Sinclair, profesa wa Birmingham, na timu yake walikusanya maandishi mengi sana kwenye kompyuta, wakatoa kamusi yao ya COBUILD mwaka 1987, na moja ya mambo waliyoyakuta ni hilo hilo. "Take" ya kushika kitu kwa mkono, ile tunayofundishwa siku ya kwanza, si ndiyo inayoongoza kwenye matumizi. Watu wanasema take a look, take care, take place, take time, take part, na mzigo wa maana uko kwenye lile neno la nyuma. Sasa tulipofanya zoezi la kuzipanga "piga" zetu upande wa kushoto na Kiingereza upande wa kulia, ilitoka take a picture, make a call, make noise, take a step, cast a vote. Mzigo ni uleule, chukudu zimebadilishana. Ndio maana siwaambii wajifunze "take" ina maana ngapi. Nawaambia jifunze "take a picture" kama neno moja, kama vile wewe hukujifunza "piga" halafu "picha" halafu ukaenda kuziunganisha kwenye kamusi.

Nesi wa darasani, mtu wa utani mwingi, alitengeneza sentensi yake ya "charge", akaileta imeandikwa kwenye kiganja: The nurse in charge charged the patient for charging his phone. Nesi msimamizi alimlipisha mgonjwa pesa ya kuchajia simu. Tatu kwa mpigo, na bado haijagusa ile ya polisi ya kumshtaki mtu. Kilichompoteza zamani, anasema, ni kwamba "chaji" tunayo kwenye Kiswahili, simu haina chaji, kwa hiyo alikuwa anaamini neno analijua. Haya maneno tuliyoazima (naona neno limerudi) ni ya kuangalia, juu neno likiingia Kiswahili linaingia na maana moja, zile nyingine linaziacha kwao. Mechi kwetu ni mpira, Kifaransa nacho ni hivyohivyo. Kumbe Waingereza wanawasha moto na "match", na shati iki-"match" na suruali inapendeza.

Hapo pia nataka kusema jambo moja, juu kuna walimu wanaodanganya watu kwamba kila neno lina mzizi mmoja na ukiupata umepata vyote. Hapana. "Match" ya moto na "match" ya mpira ni maneno mawili tofauti yaliyokutana njiani yakafanana, ya moto imetoka kwenye Kifaransa cha zamani, ni ndugu ya "mèche" ya taa (na ya nywele, wadada mnaelewa), ya mpira ni ya Kiingereza cha kale, mwenzi, anayelingana nawe. "Bank" ya pesa na "bank" ya mto ziko na babu mmoja wa mbali sana, lakini zimefika kwa njia tofauti na babu huyo hakusaidii kitu, usikae kutafuta pesa zinahusiana vipi na Ruzizi. Lakini "fine" ya nzuri na "fine" ya amande, ile unayolipa polisi, ambazo mtu angeapa hazijuani, zote zimetoka kwa "fin" ya Kifaransa: moja ni kilichomalizwa vizuri, nyingine ni pesa ya kumaliza shauri. Kwa macho huwezi kujua. Kwa hiyo mi mzizi nautumia pale unaposaidia kukumbuka, usiposaidia nauacha bila huruma.

Pale unaposaidia ni kama "outstanding". Dada mmoja ninayemfahamu, wa shirika ambalo silitaji, alipata barua pepe ya mhasibu kwamba ana "outstanding advance". Yeye "outstanding" aliijua kutoka kwenye cheti, outstanding performance, kazi ya kupita wengine, akafurahi, akajibu thank you very much. Mhasibu naye sijui alifikiri nini, wiki hiyohiyo akakata mshahara. "Outstanding" ya pesa ni deni, avansi uliyochukua hujaleta karatasi zake. Sasa hapo sema polepole: out, standing, imesimama nje. Mfanyakazi bora amesimama nje ya mstari wa wenzake, anaonekana. Pesa nayo imesimama nje, haijarudi nyumbani. Ukishaiona hivyo huisahau, na yule dada hataisahau kwa sababu nyingine.

Vile vidogo zaidi, up, off, out, vinaudhi, sitawadanganya. "The alarm went off", kengele imeanza kulia. "The lights went off", taa zimezimika. Off hiyohiyo, went hiyohiyo, kimoja kimeanza na kingine kimekufa. Na maziwa yaki-"go off" yameharibika, bomu iki-"go off" imelipuka. Kuna wataalamu wana maelezo yao ya kwamba off ni kutoka kwenye hali ya kawaida, na maelezo si mabaya, lakini kwa mtu anayefanya mtihani jumatano ninampa sentensi nne nzima azikariri na majina ya vitu vyake. "Up" iko na heshima kidogo, mara nyingi ukiiona baada ya kitenzi uongeze "yote" au "kabisa", eat up, use up, fill up, na utapona mara nyingi.

Nimeacha "get" mwisho, na darasani pia naiacha mwisho, juu watu wakiianza mapema wanavunjika moyo. Kwanza tunatoa zile za kupata, maana ziko nyingi na hazina shida: get a letter, get a job, get malaria, Kiswahili nacho kinapata barua, kinapata kazi, kinapata ugonjwa, tunaenda pamoja bila kugombana. Get home ni kufika. I get it ni nimeishika, nimeelewa. Halafu tunafika kwenye lile pori ambalo vitabu vinasema "get" ni kuwa, get tired, get angry, get lost, get drunk, get wet, get stuck, get old, get used to, get full. Wenye Kifaransa chao wanakimbilia "se": se fâcher, se perdre, s'habituer, halafu wanatafuta ile "se" iko wapi kwenye Kiingereza, wanaleta "I angry myself". Na mi nawauliza, nyumbani unasemaje? Kuchoka, kukasirika, kupotea, kulewa, kuloa, kukwama, kuzeeka, kuzoea, kushiba. Kila moja ni neno moja na kila moja ni kuingia kwenye hali, hakuna hata moja linalohitaji "kuwa". Nachoka, I'm getting tired. Nimechoka, I'm tired, nimeshaingia humo, niko ndani. Ile tofauti ya "na" na "me" ambayo mtoto wa miaka mitatu wa Majengo haikosei ndiyo tofauti ya "getting" na "am", na mi sijaona kitabu cha Kiingereza kwa Kifaransa kinachoweza kuieleza kwa sentensi fupi kiasi hicho.

Moja haikubali. Get married. Kiswahili kinataka kujua nani ameoa na nani ameolewa, Kiingereza hapo hakijali, wote wame-"get married" yameisha. Mama wa Birere alisema hiyo ndiyo "get" anayoipenda.

Anayefaidi zaidi kwenye hii "get" ni motari wetu. Anabebaka wageni wa mashirika, na muda wote alikuwa anawaambia "please descend here", neno la kwake kabisa, kutoka "descendre", na walikuwa wanaelewa lakini wanamwangalia kama mtu anayesoma Biblia kanisani. Sasa kupanda ni get on, kushuka ni get off, na akifika kwenye geti la ofisi anasema "you can get off here", mtu anashuka, analipa, hakuna aliyecheka. Juzi ameniuliza kama bei nayo inaweza ku-"get up". Nikamwambia hapana, bei ina-"go up", anayefanya "get up" ni wewe asubuhi. Akasema basi na bei ya mafuta inaamkaka mapema kuliko yeye, akaiandika hivyohivyo.